Jina Lako Kwenye Fomu ya Mtoto

Ndugu yangu Kirimi,

Siku hizi simu yako inapokelewa na kijana anayeniuliza mimi ni nani na nina shida gani. Basi nimeamua kuandika, tena barua ya wazi, kwa sababu uliyoyasema uliyasema mbele ya watu. Usinune nikikosa kukuita mheshimiwa. Mimi ni dada yako, nimekufuta makamasi.

Unaikumbuka ile pikapu ya marehemu baba? Ulikuwa umepakia kabichi kutoka Timau ukizipeleka sokoni Meru, mvua inanyesha, baridi ya kuuma mifupa. Ukamkuta mwanamke kando ya barabara ameshika tumbo, jirani yake amemfunika kwa gunia. Hukuuliza ni wa nani. Ulishusha kabichi zote ukaziacha pale matopeni, ukamlaza nyuma na kumkimbiza hospitali. Ulirudi nyumbani Kiirua bila kabichi hata moja, nasi tukangoja kusikia baba atasema nini. Akakutazama, akasema, "Kabichi zitaota tena. Keti ule."

Baada ya wiki moja uliingia jikoni kwangu mbio, machozi yanakutoka. "Dada, wamempa mtoto jina langu! Watu hata hawanijui!" Wewe mwenyewe unajua kwetu jina haliokotwi ovyo, mtoto hupewa la babu, la mjomba, la mtu wa ukoo. Ukanisumbua nipike uji wa wimbi, ukaubeba kwa jerikeni pamoja na kuku mmoja, ukaenda kumwona wajina wako. Uliporudi ulikuwa mpole siku nzima, hata mama akauliza kama unaumwa. Siku ile nilijivunia wewe kuliko siku uliyoapishwa.

Ulipogombea uwakilishi wa wadi, hadithi hiyo uliisimulia kila mkutano. Ukaahidi kwamba zahanati ya kule juu Timau itafunguliwa na hakuna mama atakayejifungulia barabarani tena. Watu walilia, Kirimi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika koti lako, nikalia pia. Na niseme ukweli wangu: ulipoanza kuwatukana wapinzani wako, nilicheka. Nilidhani ni siasa tu. Dada mkubwa mzima, nikacheka.

Sasa tuje kwa mkutano wa juzi. Mwanamke mmoja mfanyakazi wa shamba la maua alisimama, akaweka sawa kitambaa kichwani kwa adabu, akauliza, "Mheshimiwa, zahanati itafunguliwa lini?" Nawe ukamjibu kwa kipaza sauti, "Nyamaza wewe! Mwanamke wa kulala kwa mabanda unaniuliza mimi maswali? Nani hata amekuoa?" Watu wako wakaangua kicheko. Nilikuwa ofisi ya walimu video ilipofika kwenye simu. Wenzangu waliponiona wakapunguza sauti, na mmoja akanifariji kwamba kuteleza si kuanguka. Nilitamani kuitikia. Lakini wewe hukuteleza. Ulikuwa umesimama wima, na ulipoona wanacheka ukaongeza.

Yule mwanamke hukumtambua. Ni yule yule wa pikapu.

Jumatatu alikuja darasani kwangu. Unajua nafundisha watoto wa darasa la kwanza, na wiki hii nawajazia fomu za cheti cha kuzaliwa wale ambao hawajapata, mwanawe akiwemo. Aliketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto. Hakulia wala hakukutukana, ingawa nilikuwa tayari kumsikiliza akikutukana. Alisema, "Mwalimu, naomba kwenye fomu uandike jina lingine."

Nikajifanya sielewi. Nikamuuliza kwa nini, na mtoto ameshalizoea.

"Mimi ndiye siwezi tena," akasema. "Dukani naitwa Mama Kirimi. Kanisani Mama Kirimi. Kazini, Mama Kirimi. Kila mtu akiniita nasikia wale watu wakicheka."

Nilimwomba anipe mpaka Ijumaa, siku fomu zinapopelekwa Meru. Akakubali kwa sababu ananiheshimu, na akaniruhusu nikuandikie haya yote. Aibu niliyoiona siku hiyo ilikuwa yangu, si yake. Wewe umezoea kusema kwamba kiongozi naye ni mtu na ana hasira zake. Sawa, kasirika. Funga mlango ukasirike. Lakini mtu ambaye wengine wamewapa watoto wao jina lake hana ruhusa ya kulitumia ovyo, maana si lake peke yake tena.

Kirimi, njoo. Usije na lile gari lenye bendera, wala wale vijana wa kukupigia makofi. Usimtumie unga wala blanketi. Itisha mkutano pale pale, shika kipaza sauti kile kile, umwombe radhi na umjibu swali lake la zahanati, hata kama jibu ni kwamba umeshindwa. Akikusamehe, tutashukuru Mungu. Akikataa, ana haki yake, nami nitaandika jina atakaloniambia.

Fomu iko mezani hapa ninapoandika. Nimejaza tarehe, nimejaza jina la mama, na pale pa jina la mtoto pako wazi. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika jina lako mara ya kwanza. Nakuomba, mtoto wa mama, usinifanye niwe wa kulifuta.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda na kukungoja hadi Ijumaa.