Karamu ya Mabibi

Jumatatu, 1 Desemba
Nimeloweka pamba chafu ya kutengenezea karatasi tangu asubuhi. Karatasi kumi na nne, mbili zimechanika. Dada Minza, mwenye karakana ninakojifunza kazi, alikuwa anarekodi mlio wa cherehani. Kitabu chake kina sauti, kina nyuzi, kina vipande vya ngozi ya ng'ombe. Mama anauliza hiyo ni kazi gani. Naipenda.

Jumatano, 3 Desemba
Nimechonga muhuri wa mwaliko wa uzinduzi wa kitabu, tarehe 13, kwenye soli ya ndala, herufi kinyumenyume. Mara ya kwanza kuachiwa kazi peke yangu. Kadi zimeondoka na basi kwenda kijijini Shishiyu, kwa mabibi waliotusimulia hadithi za kitabu. Bibi yangu yumo.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimekosea. Kitabu kinaitwa Kalamu ya Mabibi. Mimi nimechonga KARAMU. Nyumbani ndivyo tunavyotamka, hatutenganishi L na R. Nimewaita wazee kwenye sherehe ya kula. Sisi tuna kitabu na viti vya kuazima.
Sikusema.

Jumanne, 9 Desemba
Bibi amepiga kwa simu ya jirani. Wanakuja kumi na wawili. Wanaacha kupanda pamba siku nzima, na wamekubaliana wasile asubuhi. Nilitaka kumwambia. Nikasema tu haya, karibuni. Najichukia.

Alhamisi, 11 Desemba
Nimemwonyesha Dada Minza kadi. Akaisoma mara mbili, akauliza nimejua lini. Ijumaa, nikasema.
"Herufi nasamehe. Siku sita za kunyamaza, hapana. Jumamosi utasimama uwaambie mwenyewe."
Nimerudi nyumbani nikamwambia Mama.

Ijumaa, 12 Desemba
Mama ametoa michembe yetu ya akiba, viazi tulivyokausha kwa ajili ya miezi ya njaa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 13 Desemba
Walikuja wamevaa kanga mpya. Nilisimama mbele yao. Nikasema si karamu, ni kalamu, kosa ni langu.
Bibi mmoja, masikio mazito, akauliza nimesema nini.
"Anasema si karamu," bibi yangu akamjibu, "ni karamu."
Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakala michembe na karanga, kidogo kidogo, wakisikiliza sauti zao wenyewe zikitoka kitabuni. Mmoja aliondoka mapema na njaa yake. Hakuniaga.

Jumapili, 14 Desemba
Tumefagia maganda ya karanga. Dada Minza amehesabu viti vya kurudisha. Hajasema kesho nirudi, hajasema nisirudi. Nilipotaka kumrudishia ufunguo wa karakana hakunyoosha mkono.
Ninao.