Mtutu Niliouanika Dirishani

Jumamosi, 5 Oktoba. Kawajense.

Joto. Tangu juzi mawingu yanajikusanya upande wa Mwese na hayaleti kitu. Vumbi limeingia hadi ndani ya cherehani. Nimechoka, na si kwa kushona.

Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyozoea, ili nione nilikosea wapi.

Kesho baada ya misa vijana wa kigango chetu wanaigiza. Ni hadithi ya jambazi anayevamia nyumba ya mjane, kisha anatubu. Mavazi nimeshona mimi. Na kwa kuwa najulikana kwa vipimo, Deo, mwenyekiti wa vijana, akaniongezea kazi ya bastola. Sehemu ya kushikia alichonga seremala jirani yetu. Ukabaki mtutu.

Jumatano nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, futi yangu shingoni. Nikachagua kipande kifupi cha bomba la maji, la chuma, chenye meno ncha zote mbili. Nikachukua na msasa na kopo dogo la rangi nyeusi. Mwenye duka alikigeuza kile kipande mkononi kabla ya kunipa.

"Kifupi hivi cha kazi gani, dada?"

"Cha igizo, kanisani."

"Igizo la bomba?" Akacheka. "Haya. Ila wale askari wa wanyamapori wakikuuliza, duka langu hulijui."

Nikacheka nami, nikaondoka. Huku kwetu kila mtu anajua kipande cha bomba kinaweza kugeuka kuwa nini. Magobore ya kuwindia hayatoki kiwandani. Na mimi nilipaswa kujua kuliko wengine wote.

Baba yangu alikuwa akiyatengeneza.

Tulikuwa Ugalla wakati huo. Watu walimjua kwa mizinga yake ya nyuki, lakini waliokuja jioni hawakuja kufuata asali. Askari walimkamata nikiwa kidato cha pili, akakaa ndani miaka sita. Alipotoka hakugusa tena tupa wala nyundo. Tangu mama afariki anaishi kwangu, anakaa kivulini nyuma ya nyumba, na habari hiyo hatuigusi. Hata kitasa kikilegea ananiita mimi.

Alhamisi nilisugua bomba kwa msasa, nikalipaka rangi mara mbili. Yale meno nilipanga kuyafunika kwa utepe baadaye. Jana asubuhi nikalianika dirishani likauke. Lilikuwa zuri. Mtu asiyejua angeshtuka.

Leo asubuhi nimemkuta baba amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa viatu. Mkoba wake uko miguuni.

"Baba, safari ya wapi?"

"Ugalla."

"Kuna msiba?"

"Bado. Sitaki kuwepo wakija."

"Wakija akina nani?"

Akanionesha dirisha kwa kidevu. "Mama, mimi nilikaa ndani miaka sita. Nilidhani nimelipia ukoo mzima."

Nikamweleza yote: igizo, jambazi, mjane, Deo. Nikamletea hadi karatasi yenye maneno ya waigizaji. Hakuisoma. Alilichukua bomba, akafumba jicho moja, akachungulia ndani yake kuelekea kwenye mwanga. Kidole gumba kilizunguka kwenye mdomo wa bomba taratibu, kama kidole kinachojua njia.

"Limenyooka," akasema. Kisha akaliweka chini haraka, kama limemuunguza. "Askari akikukuta nalo njiani hataomba umsomee igizo."

Nikaikunja karatasi ya igizo.

Sasa niandike lile ambalo sikumwambia. Dirisha la mbele ndilo linalopata jua. Rangi ingekauka mapema zaidi pale. Mimi nilikwenda kulianika kwenye dirisha la nyuma, linalotazama kiti chake.

Nilitaka alione.

Katika maisha yangu nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, kanzu ya padri, na baba hajawahi kushika hata upindo mmoja akasema neno. Nilidhani kitu cha chuma atakielewa. Nilitaka aone kwamba mkono wake umekuja kwangu. Na kweli ameuona, ndiyo maana akavaa viatu.

Nikamuuliza nifanye nini. Akaniagiza nilete fagio la zamani. Akakata kipande cha mpini wake kwa kisu cha jikoni, akakaa anakilainisha, maganda yakimwangukia kwenye viatu. Miaka yote hii sijamwona akichonga kitu. Kipande kiliingia kwenye ule ubao wa kushikia bila kupiga nyundo.

"Hakina tundu," nikasema.

"Ndiyo uzuri wake. Tundu lichore wewe kwa rangi. Mimi sichori."

Nikachora. Doa jeusi kwenye ncha, basi.

Bomba nalo? Nilitaka kulitupa, akakataa. Alisema kitu kama hicho kikitupwa kuna atakayekiokota. Akalipeleka kwenye bomba letu la uani, lile tunaloliinamia mpaka mgongo unauma kwa sababu ni fupi. Akaifungua koki na kuitoa, akazungushia meno uzi wangu wa cherehani, ule mweupe, akakaza kipande kile juu, kisha akarudisha koki. Mimi nilishika ndoo tu. Maji ya leo yalichelewa. Yalipokuja koki ilikohoa, ikatema hewa na kutu, halafu yakatoka safi. Sasa ndoo inaingia chini yake bila mtu kuinama.

Saa kumi na moja Deo alikuja kuchukua bastola. Akaitazama, akanitazama.

"Dada Skola, huu si mpini wa fagio? Jambazi anakuja kuvamia au kufagia?"

Baba akamjibu kutoka kivulini, kabla sijafungua mdomo. "Walionikamata mimi hawakuninyooshea bunduki, kijana. Waliniita jina langu, nikajikojolea. Mwambie jambazi wako amwite yule mjane jina."

Deo akaacha utani. Aliifunga bastola kwenye gazeti, akasema, "Asante, mzee," akaondoka polepole.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Ni mara ya kwanza namsikia baba akitaja siku ile. Nilitamani kumuuliza zaidi, nikaona aliyoyasema kwa leo yanatosha.

Mgongo unaniuma. Bado nina vifungo viwili vya vazi la mjane, na sijui kama kesho baba atakuja kukaa kwenye benchi pamoja nasi au atapanda gari la Ugalla. Sijamuuliza. Mkoba wake bado uko mlangoni.

Lakini ameshavua viatu. Amevisafisha maganda, amevipanga karibu na vyangu.