Samli ya Kucha Zako

Dada yangu Paskalina,

Tangu tukuzike nimetaka kukuandikia. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza najikuta nakuonea wivu, na kumwonea wivu marehemu si jambo jema. Lakini wewe ulinizoea. Acha niseme.

Unazikumbuka zile kucha? Mashamba ya ngano yalikuwa bado ya serikali, nawe ulikuwa karani kwenye ofisi ya mashamba hayo, kule chini tambarare. Ulikwenda Arusha kwenye harusi ya rafiki yako, ukaja likizo hapa nyumbani Gitting na kucha za kubandika, nyekundu, ndefu, ngumu kama pembe. Majirani walikushika mikono muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, wakanipita.

Jioni ukasema utakamua ng'ombe mwenyewe, ili mama asidhani kazi ya ofisini imekubadilisha. Nilikuonya kuhusu kucha. Ukanijibu, "Huyu nilimkamua kabla wewe hujajua kushika kibuyu." Ulipomfinya chuchu alirusha teke, maziwa yakamwagika, na kucha moja ikang'oka ikabaki kwenye matope. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe uliingia ndani kwa aibu, ukazing'oa zilizobaki kwa meno, bila kuziloweka kwenye dawa yake kama fundi aliyekubandika alivyokuagiza. Kila moja ilitoka na tabaka la kucha yako. Zilizobaki chini zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hata ukigusa shuka ulishtuka.

Mama hakukugombeza. Alizikata fupi kwa wembe, akapasha samli kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akakuketisha karibu na moto. "Kucha haitibiwi huku mbele," alisema. "Inatibiwa kwenye shina." Akawa anakusugua pale kucha inapoanzia, kidole kwa kidole, kila jioni ya likizo yako, na kila Jumapili uliyokuja baadaye. Ukakatazwa maji ya sabuni, ukakatazwa kukwangua sufuria, ukakatazwa kupaka rangi mpaka kucha mpya ifike nchani.

Kazi zako zikaja kwangu. Kombaini zilipomaliza kuvuna, wanawake wa kijiji tulishuka kuokota masuke yaliyobaki shambani, nami nilikwenda bila wewe. Mabua ya ngano yaliyokatwa yanachoma kama misumari. Nilirudi vidole vimepasuka, na kile kidogo cha kushoto kimechanika kwenye shina la kucha. Mama alikuwa amekushika mkono. Bila kugeuka aliniambia niweke ngano darini, kisha nichochee moto, samli inaganda. Nilichochea. Nikakaa upande wa pili wa moto nikiutazama mkono wako ndani ya mikono yake, nikatamani na mimi nibandike, ning'oe, niharibikiwe.

Zilipona. Tulipokuosha mimi na shangazi siku ya msiba niliziona, nzima, safi, zimekatwa fupi kama alivyokufundisha. Hata hapo nilizionea wivu, dada.

Juzi mama aliniita. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Alikuwa na kifuniko kile kile mapajani, na samli ndani yake. Akasema, "Lete mikono."

Nikamwambia mama, mimi ni Basilisa.

"Najua wewe ni nani. Lete."

Nikampa. Alipoanza kusugua, akaanza kusimulia habari zako. Kidole hiki cha Paskalina ndicho kilichoota kucha iliyopinda. Hiki kilichelewa kupona. Hiki alikuwa anakificha kanisani. Vidole ni vyangu, habari ni zako. Nilitaka kuivuta mikono yangu nikashindwa. Samli ilikuwa vuguvugu, na nilikuwa nimeingoja tangu usichana wangu.

Akafika kwenye kile kidogo cha kushoto. Kucha yake huota na mfereji katikati tangu mwaka ule. Akaupapasa, akaupapasa tena.

"Hiki si cha Paskalina," alisema. "Hiki kilifanyaje?"

Nikamsimulia, kuanzia ng'ombe mpaka mabua. Aliposikia habari za teke alicheka, kisha akakishikilia kidole mpaka nikamaliza. Samli ikawa imeganda. Akanituma nichochee moto, na niliporudi akakitafuta kidole kile kile, akaanza upya, kwenye shina.

Unadhani wivu umekwisha? Haujaisha. Bado anakutaja kila jioni. Lakini sasa anakutaja akiwa amenishika mimi.

Pumzika, dada. Jioni zilizobaki ni zangu. Usinionee wivu.

Mdogo wako,
Basilisa