Filta ya Kabatini

Baba watoto, chai iko kwenye chupa. ~~Nitarudi saa nne.~~ Sijui nitarudi saa ngapi.

Asubuhi nilifungua filta ya hewa ya pikipiki niipulize vumbi. Hiyo ya bei chee uliyoisifu imechanika, na kipande kizima hakipo, kimevutwa na injini. Nikairudishia hivyo hivyo, nikaingia ndani kuchukua orijino uliyoificha kabatini na vikombe vya wageni, eti ni nzuri mno, isichafuliwe na vumbi la huku.

Kutoka nje, mdogo wako keshampakia mama yako kwenda kliniki, kwa njia ya mlimani yenye malori. Jana pikipiki hiyo ilizimika mara mbili kwenye tambarare. Hapokei simu.

Nimewafuata kwa miguu. Orijino yako hiyo hapo mezani. Haina hata punje ya vumbi.

Mkeo