Usiruke Mustari

Goma, Mabanga, tarehe 9 Mei 1989

Mudogo wangu mupenzi Cibalonza,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Nauliza hali yako, hali ya magoti yako ambayo najua hayapendi mvua, na hali ya watu wote wa Kadutu wanaonikumbuka. Mimi huku bado ninavuta pumzi, na hiyo ndiyo habari yote ya afya yangu. Miguu imevimba, ninalala nikiwa nimeketi, na daktari ameacha kuniambia nirudi. Ni kijana mwema, nilimufundisha hesabu. Siku ya mwisho alikuwa anaongea nami huku akitazama dirisha.

Kabla ya mengine, sikiliza ombi hili. Aliyekuletea barua hii ni Léonie, bibi ya mutoto wako, marehemu Jean-Bosco. Najua uliapa kwamba siku atakapofika mulangoni kwako utamumwagia maji ya moto. Tua sufuria chini, tafadhali. Na mutu mwingine asikusomee, hata Katekista Modeste. Modeste ana roho nzuri, lakini wote tunamujua: akikuta habari mbaya anakohoa, anaruka mustari, kisha anakuambia kwamba wote ni wazima. Mwaka ule Baba alipofariki, ulikaa siku tatu ukiamini kwamba ana mafua, kwa sababu ya kikohozi cha Modeste. Asome Léonie. Nilimufundisha mwenyewe katika darasa la tatu, na alikuwa anasoma bila kugugumia. Hajui kilichoandikwa humu.

Nawe Léonie, binti yangu, soma kwa sauti na usiruke mustari hata mumoja, hata pale utakapotamani kunyamaza.

Cibalonza, unakumbuka jinsi mutoto wako alivyopenda kinga, ile baiskeli yake. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Cirimwami, tangu majina ya Wazungu yalipokatazwa, lakini mimi na wewe hatukuwahi kumwita hivyo nyumbani. Alikuwa anapeleka mikate ya duka la Birere asubuhi, na mchana anafanya mazoezi kwenye barabara ya Sake. Kinga yake aliipandisha cheo kidogo kidogo, kama sitwayen, mwananchi wa Zaïre, anayetafuta nafasi ofisini. Magurudumu membamba alipewa na Padri mumoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Freni za kuisimamisha alibadilisha na fundi kwa kumubebea makaa miezi miwili. Gido, usukani wenyewe, iliyopinda kama pembe za kondoo dume aliitoa mbali, sijui wapi. Kilichobaki ni kadre, yaani mifupa yenyewe ya kinga. Hiyo ilikuwa bado ile ya kubebea mizigo, chuma kizito cha kubeba mihogo na magunia.

Wenzake walimucheka sana. Siku za mashindano walimuuliza: Sitwayen, mihogo umeiacha wapi? Naye aliwajibu kwamba ameipeleka kwa mama zao, maana watoto wao hawaleti kitu nyumbani. Hata hivyo, na chuma hicho chote, alimaliza wa tatu miaka miwili mfululizo. Ndipo kampuni moja ya Bukavu ikatangaza kwamba atakayeshinda tarehe 20 Mei 1980 atapata kazi ya kudumu na kukimbia katika timu yao. Jean-Bosco aliniambia: Mujomba, nipe kadre nyepesi tu, Mungu nitamwachia wengine wamuombe.

Wewe ukauza cherehani yako. Ulinitumia noti zile zikiwa zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa, pamoja na neno moja tu, kwamba ziwe kadre mpya na si kitu kingine. Tangu hapo umeshona kwa mukono. Kadre yenyewe ilikuwa imening'inia dukani kwa Habarurema, kule Birere, imetoka ng'ambo ya mupaka, na mutu aliweza kuiinua kwa kidole kimoja. Kila jioni Jean-Bosco alikwenda kuiinua. Habarurema alimwambia kwamba akiendelea hivyo ataanza kumulipisha, kama mupiga picha.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 1979. Kijana aliniomba tununue siku ileile. Nikamwambia asubiri, kwa sababu baada ya Noeli wafanyabiashara wanakosa wanunuzi na bei inashuka. Nilimwambia kwamba aliyesoma hesabu hanunui kwa haraka. Nilisema hivyo mbele ya walimu wenzangu, nao wakatikisa vichwa, na mimi nikafurahi. Noti zako nikaziweka ndani ya kamusi yangu, zikanyooka vizuri.

Siku ya Noeli radio ikatangaza kwamba noti za zaïre tano na zaïre kumi si pesa tena. Unakumbuka siku zile. Mipaka ilifungwa, watu wakalala mbele ya banki, wanawake wakakanyagwa. Nilisukumana kwenye mustari siku tatu, nikapata cha kununua maharagwe. Cherehani yako yote ilifia ndani ya kamusi.

Ningekuambia siku ile, ungelia, kisha ungenisamehe, kwa maana Zaïre nzima ilikuwa inalia. Lakini ningewezaje kukutazama usoni? Baba alikuwa na pesa ya masomo ya mutoto mumoja, akanichagua mimi, wewe ukabaki na jembe. Maisha yetu yote ulikuwa unawaambia watu: muulizeni kaka, yeye amesoma. Nilishindwa kukuonyesha kwamba aliyesoma amekupotezea pesa. Nikanyamaza, na kimya hicho kikanitafutia kazi ya kufanya.

Katika stoo ya parokia palikuwa na kadre ya kinga ya mashindano, ya Padri mumoja aliyegongana na kamyo ya mizigo zamani. Ilikuwa nyepesi, lakini bomba la mbele, pale shingoni chini ya gido, lilikuwa na ufa. Niliiomba bure. Nikaipeleka kwa Ntirenganya, fundi wa kuunga vyuma hapa Mabanga. Aliichoma, akaiunga, akaisugua hadi ikawa laini, kisha akaniambia: Muzee, hii ni ya kwendea misa. Asishuke nayo mulima mutu yeyote. Nikamwambia ni yangu mimi. Akacheka, akasema basi, mwalimu hana uzito, mushahara wenyewe haumunenepeshi. Nikaipaka rangi ya bluu mara tatu. Nikamwambia Jean-Bosco kwamba ni mpya, na kwamba nimeipata kwa mwalimu mwenzangu wa Gisenyi, bora kuliko ile ya Habarurema.

Alipiga magoti, akashika miguu yangu. Miguu hii hii.

Vyombo vyake vyote alivifunga kwenye kadre hiyo siku moja. Jioni Léonie akapita uani kwangu na mutoto wao Nshobole mugongoni. Wakati ule alikuwa anauza vyungu sokoni Birere, na unajua muuza vyungu haamini macho, anaamini sikio. Akainama, akaigonga kadre kwa kifundo cha kidole, toka nyuma hadi mbele. Pale shingoni akasimama, akagonga tena. Kisha akaja karibu nami na kuniambia polepole, ili nisipate haya mbele ya bwana yake: Papa, hapa inalia kama chungu kilichopasuka.

Nilimujibu kwa sauti kubwa kwamba vyungu ni vya wanawake, na chuma ni cha waliosoma. Jean-Bosco akacheka. Léonie naye akacheka, kwa heshima.

Mashindano yalivyokwenda ulisimuliwa. Walipogeuka Sake alikuwa wa kwanza, peke yake. Watu wa Mugunga wanasema kwamba wa pili alikuwa hata haonekani. Kwenye muteremuko kinga ilipiga jiwe moja tu, shingo ikakatika, naye akaanguka kichwa mbele. Mimi nilikuwa mahali pa kumalizia mashindano, nimesimama na wakubwa, nina bendera ndogo mukononi. Walipomuleta katika kamyo, neno langu la kwanza lilikuwa: kinga iko wapi? Nilitafuta kinga kabla ya kuuliza kama mutoto anapumua. Alipumua hadi saa kumi.

Kadre nikaitupa ndani ya choo cha shule. Nikawaambia wote kwamba imeibiwa njiani.

Wewe ulifika kwa mashua siku ya tatu ya matanga. Léonie alikuwa ameketi chini, analia, na katika kilio chake alikuwa anarudia neno moja: chungu, chungu. Watu walidhani huzuni imemuchukua akili. Mimi peke yangu nilielewa. Nikaona kwamba ukimukaribia na kumuuliza chungu gani, nitakuwa nimekwisha. Nikakuita nyuma ya nyumba. Nikakuambia kwamba asubuhi ya mashindano nilimuona Léonie kwa macho yangu akiiruka kinga ilipokuwa imelala chini, na kwamba wewe unajua maana ya mwanamke kuruka chombo cha mwanamume anayeanza safari: ni kumuitia kifo. Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa kuamini mambo hayo! Nilijua kwamba wewe unayaamini. Nilijua pia kwamba yeye ni mutoto wa Masisi na sisi ni watu wa Bukavu, na kwamba katika uwanja ule hakuna mutu angemusemea.

Ulirudi pale, ukamutoa Nshobole kwenye ziwa la mama yake, ukasema mbele ya watu wote: Huyu alimuruka mutoto wangu. Walivunja vyungu vyake kimoja kimoja. Alipofukuzwa alipiga kelele kwamba kadre ilikuwa na ufa, lakini nani angemusikiliza? Wote walijua cherehani yako ilinunua kadre mpya.

Cibalonza, Léonie hakuruka kinga. Usiku wa kabla ya mashindano kinga ililala ndani ya chumba changu, na Jean-Bosco aliichukua kwangu alfajiri. Bibi yake alimuona akipita barabarani tu, akamupungia mukono. Hakuigusa, hakuikaribia. Neno lile nililitengeneza mimi, kwa kinywa changu, kama nilivyotengeneza rangi ya bluu.

Sasa sikia mambo ambayo hukuyajua. Tangu Noeli iliyopita ni Léonie anayeniuguza. Kila asubuhi anatoka Birere na uji, ananiosha miguu, anamwaga beseni. Anawaambia majirani kwamba mimi ndiye mutu pekee wa ukoo ule ambaye hakumutukana, na kwamba hata mimi nilidanganywa na yule mwalimu wa Gisenyi. Anaposema hivyo ninafunga macho. Yeye anadhani ni maumivu, anaongeza muto.

Wiki iliyopita nilimuuliza anataka nini, kama ningekuwa na kitu cha kumuachia. Aliniambia hataki nyumba wala shamba. Aliniambia kwamba mara mbili amepanda mashua hadi Bukavu, akasimama ng'ambo ya kanisa la Kadutu siku ya Mungu, yaani Jumapili, watoto wakatoka wengi, wenye umri mumoja, na hakuweza kujua wake ni yupi. Alirudi Goma bila kujua kama amemuona.

Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na imenichukua siku nne kuandika barua hii.

Léonie, sasa umejua ulikuwa unaosha miguu ya nani. Pumzika kidogo, kisha endelea. Sikuweza kukuambia macho kwa macho. Nimekutuma upande wa pili wa ziwa ili uyasikie kwa sauti yako mwenyewe, na huo nao ni uoga. Usirudi na uji. Nimemuomba jirani Perpétue aniletee maji.

Nawe mudogo wangu, sikuombi unisamehe, muda wa kazi hiyo mimi sina. Usije kunizika. Cherehani siwezi kuirudisha, na mutoto wako hakuna anayeweza kumurudisha. Lakini mutoto wa Léonie yuko ndani ya nyumba yako, labda anachota maji, labda amesimama nyuma ya pazia na amesikia yote. Mwite. Kama ulivyosema neno langu la uongo mbele ya watu, sema hili nalo mbele ya watu, siku ya Mungu, kanisani, ukimushika huyu mwanamke mukono. Wakikuuliza nani aliruka, wape jina langu. Usilifiche kwa sababu nimekufa.

Ninaogopa, Cibalonza. Kifo nimekizoea, kinakaa nami hapa kitandani. Ninaogopa kwamba ulifunga mulango kabla ya mustari wa kwanza, na kwamba maneno haya yote yanasomwa barabarani na mutu mumoja, mbele ya ukuta.

Nisalimie Modeste, umwambie anisamehe kwa kumunyang'anya kazi yake. Wasalimie majirani waliokupa uzi na sindano. Nshobole usimusalimie kwa ajili yangu. Salamu ya kwanza aipate kwa mama yake.

Léonie, maandishi yamekwisha. Inua macho.

Ni mimi, kaka yako mukubwa,

Onésime