Dirisha la Chumba cha Mama

Ngome ya Penmorva,
Jumatatu, 4 Machi 1889

Kaka Jabez,

Mke wangu Loveday alifariki jana alfajiri, kwa kichomi. Nimetanguliza hilo, salamu zifuate. Natumaini goti lako limepoa, na shemeji hajambo. Mimi mzima, kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima ndani ya kuta za futi kumi na nne bila wa kuongea naye.

Ngome hii nilianza kuibebea mawe nikiwa mtoto. Leo nashika funguo zake zote, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Wakubwa wa jeshi waliijenga miaka kumi na moja kwa kuwahofia Wafaransa, na walipomaliza, meli za vita zilishavaa chuma ambacho mizinga yetu haikitoboi. Hatujampiga adui hata mmoja. Wauza samaki hunitania eti Mfaransa wangu kakwama wapi, bado anatafuta suruali? Loveday aliwajibu kwamba alishafika, akanusa samaki wao, akageuza meli. Askari walipohamishwa tulibaki wawili. Sasa nikikohoa, ukumbi wa mizinga ndio unaoniitikia.

Nataka azikwe kando ya mama. Ulitamka mbele ya kanisa zima kwamba binti wa kantini ya askari hatalala kwenye ardhi ya akina Tregear, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga kwa mama hata mama alipougua. Sikumtetea, maana hata mimi sikujua ukweli. Ijumaa ndipo aliponieleza, kwa pumzi alizobakiwa nazo.

Unajua bendera nyekundu ikipanda hapa, pwani nzima hufungua madirisha ili mshindo wa mazoezi ya mizinga usivunje vioo. Siku hizo ulikuwa hujaoa, unashinda mgodini, na mama aliyekuwa kwako hakuweza kunyanyuka kitandani. Basi kila ilipopanda, Loveday alikuwa ameshavuka maji hadi kwako na mashua inayotuletea mkate. Alifungua madirisha, akapanda kitandani, akamziba mama masikio kwa viganja vyake. Mimi nafyatua huku, yeye anaziba kule. Kisha alifunga, akaondoka kabla hujarudi. Mama ndiye aliyemkataza kusema. Alikuogopa wewe kuliko mizinga. Nawe miaka yote ulijisifu kwamba nyumba yako haijawahi kupasuka kioo!

Shemeji msalimie sana, na watoto.

Jeneza nimelitengeneza mwenyewe. Alhamisi saa sita mchana nitapandisha bendera nyekundu. Hakuna mzinga utakaolia. Nitakuwa juu ya ukuta na darubini. Mahubiri sitaki, kaka. Kama ni ndiyo, fungua dirisha la chumba cha mama. Utalifungua au hulifungui?

Mdogo wako,
Enoch Tregear