Miguu Niliyoiosha Mara Mbili

Yaya,

Ningekuandikia mapema, dada yangu, lakini nilikuwa naona haya. Hata sasa naona haya, ila nimechoka kuzunguka nayo peke yangu, na wewe ndiye mtu pekee ambaye angenifokea mpaka nikatulia. Nyumbani sisi ni wazima. Maua yako ya mbele ya nyumba yamekwisha, mbuzi wa jirani wameyala na mimi nilichelewa kuwafukuza. Nafasi yako kwenye korali hakuna aliyesimama hapo bado. Naongoza nyimbo huku nikikwepa kuangalia upande ule.

Nataka kukuambia habari za Koko Elizabeti.

Unakumbuka ulivyonikabidhi. Ulikuwa umelala, sauti karibu imekwisha, ukanivuta mkono: "Usiache Koko akose mayi. Pitia nyuma, ku migomba. Na usiseme kwa batu." Nilidhani ni homa inasema. Sikujua kwamba muda wote ule, ulipokuwa ukienda kuchota maji, bidon moja, dumu zima, ilikuwa inaishia mtaa wa Saio, kwa huyo Koko, mama mzee aliyekimbia vita kule Djugu na kukaa peke yake katika chumba cha udongo. Mimi mdogo wako, mwalimu wa korali, ninayewaimbisha watu kila Jumapili habari za taji na thawabu za mbinguni, sikujua dada yangu anafanya nini na bidon zake. Lakini ungeniambia vipi siri, mtu ambaye mtaa mzima unajua mambo yangu? Ulikuwa ukinicheka: "Weye ukichemusha chai, kartie muzima inajua."

Ulikuwa umeona mbali, Yaya.

Mwanzoni nilikwenda vizuri. Peke yangu, kwa njia ya migomba, bidon begani. Lakini unajua mjini kwetu mwanaume mwenye bidon begani anaonekanaje. Vijana wa pikipiki waliniita: "Baba, bibi amekukimbia?" Nikacheka nao, moyoni nikaumia. Sikuumia kwa uzito wa maji. Niliumia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ule ni utumishi. Nilitaka angalau mtu mmoja ajue.

Ndipo ikaja sikukuu ya korali. Nikasema twende tukamtembelee Koko. Tukaenda kwa barabara ya mbele, Yaya, mchana, tumevaa sare, tunaimba. Majirani wote walitoka nje. Tulimkuta Koko ameketi mlangoni bila kitambaa kichwani. Hata hatukumpa nafasi ya kukitafuta. Tukaweka mchele na sabuni mbele yake, nikaomba basani ya maji, nikapiga magoti, nikamwosha miguu. Mwimbaji mmoja akapiga picha kwa simu yangu.

Nikaangalia ile picha. Uso wangu ulikuwa mweusi, jua lilikuwa nyuma yangu.

Nikamwambia arudie. Tukageuza kiti cha Koko, yeye mwenyewe akiwa juu yake, nikapiga magoti upande mwingine nikashika tena miguu yake. Ilikuwa safi tayari. Niliiosha hivyo hivyo. Koko aliinamisha kichwa, na mimi nikadhani ni shukrani.

Picha nikaituma kwenye kundi la kanisa. Wee! Amina juu ya Amina. "Mwalimu, taji yako mbinguni iko kubwa!" Nilikuwa nazisoma huku nakula, mboga yangu ya sombe ikapoa. Picha ikatoka kundi hili ikaingia lile, hata watu wa mbali kule Aru wakaandika. Pasta akanipigia simu kwamba Jumapili kanisa litanivalisha kikwembe, kitenge cha heshima, mbele ya watu wote.

Siku chache baadaye nikapeleka maji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha, Koko akauliza kutoka ndani:

"Ni weye mwenye telefone?"

Nikaitika kwamba ni mimi, mdogo wa yule marehemu aliyekuwa akimletea maji.

"Mutoto yangu iko Mongbwalu, mu mashimo ya zahabu. Nilikuwaka namwambia niko muzuri, sina shida ya kintu. Sasa ameniona mu telefone, kichwa wazi, mwanaume mugeni ananishika miguu. Amenililia sawa mutoto muchanga. Kwetu nilikuwa mama wa kanisa, miye ndiye nilipokeaka bageni. Dada yako alinisaidia na hata siku moya hakunipatisha haya. Rudisha mayi yako."

Nikarudi na bidon ikiwa imejaa. Njiani wale vijana wa pikipiki, ambao nao walikuwa wameona picha, safari hii waliniita mtumishi wa Mungu. Nilitamani wanicheke.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Ungedhani ningempigia pasta simu kukataa kile kikwembe. Sikumpigia. Jumapili waliniita mbele na nilikwenda, Yaya, nikijua kabisa kwamba kule Saio kuna mlango uliofungwa kwa sababu yangu. Nilisimama pale, vigelegele vikapigwa, na nikatabasamu. Kikwembe kimeshashonwa shati na liko kwenye kamba.

Nalitazama shati hilo na naogopa. Naamini kama ulivyoamini kwamba iko siku Bwana atamtazama kila mmoja na kazi yake. Nilikuwa naifikiria siku hiyo kwa furaha, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe. Sasa naiona tofauti. Wewe ulikwenda na thawabu yako yote ikiwa bado inakungoja. Mimi nimeomba avansi, malipo kabla ya siku yake, nikapewa, nikaivaa. Nikifika huko na kunyoosha mkono, si nitaulizwa shati langu liko wapi?

Nilifuta picha, lakini ilikuwa imeshasambaa. Nikatafuta namba ya yule kijana wa Koko, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, siye tulipoteza ngombe na nyumba. Mama alikuwa amebaki na heshima yake tu." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mwishoni akaniambia nisiache kubisha kwa mama yake.

Kwa hiyo niliendelea kubisha. Juzi Koko alifungua. Alikuwa amefunga kitambaa chake vizuri, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Kama unarudia, acha telefone kwako. Pitia kule dada yako alipitiaka." Halafu, nilipokuwa nimeshageuka: "Na usiimbe."

Nilicheka, Yaya, kisha nikalia pale pale kati ya migomba. Ungekuwepo ungenisukuma bega na kusema nimezidi.

Pasta nitamfuata kabla ya Jumapili nimrudishie kile kikwembe, hivyo hivyo kilivyoshonwa shati. Sijui nitaanzaje. Lakini nitakwenda.

Hapa nilikuwa nimeandika ukurasa mwingine, kukueleza yote ninayomfanyia Koko tangu aliponifungulia. Ulikuwa ukurasa mzuri. Niliusoma tena, nikaona kwamba nimemgeuza tena yule mama na kiti chake ili jua liniangaze usoni, safari hii mbele yako wewe uliye kaburini. Nimeuchana.

Basi lala salama, dada yangu. Nakuahidi neno moja: habari za maji ya Koko hutazisikia tena kutoka kwangu.

Mdogo wako,
Zakaria